Chupa Tatu Mezani: Somo la Viti vya Ngozi na Haki ya Kusoma Lebo

Kuna vitenzi vitatu ambavyo wauzaji wa dawa za magari huvitumia kana kwamba ni kimoja: kusafisha, kulainisha na kung'arisha. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuvitenganisha. Kusafisha ni kuondoa kisichotakiwa: vumbi, jasho, mafuta ya mwili, wino. Kulainisha ni kukikinga kitu kisikakamae. Kung'arisha ni kukifanya kipendeze machoni, na macho hayana uwezo wa kupima sumu. Asiyevitofautisha vitenzi hivi mbele ya meza ya mwuzaji huenda akanunua mng'ao akidhani amenunua usafi. Makala haya yanahusu viti vya ngozi vya magari. Yanahusu pia haki ya mnunuzi kukijua anachokinunua, na lugha ambayo haki hiyo yapaswa kumfikia.

Ninafundisha mjini Arua, nami husafiri mara kwa mara hadi Koboko, mwendo wa kilomita zipatazo 55. Barabara yetu ni ya lami. Inatoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, kisha inafika Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Lakini pembeni mwa lami udongo ni mwekundu, na wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi karibu Machi, vumbi huingia hata katika gari lililofungwa vioo. Magari mengi tunayopanda yalitumika kwanza Japani, yakashushwa Mombasa, yakavuka nchi mbili hadi kutufikia. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba gari tunaloliita jipya laweza kuwa limekwisha kukaliwa miaka kumi na kitu. Ngozi ya viti vyake ilianza kuzeeka mbali, na jua la West Nile linaendeleza tu kazi hiyo.

Jirani yangu mmoja alinunua gari la namna hiyo kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Hubeba abiria wa kukodi kati ya Arua na Koboko: wafanyabiashara wa mpakani, watumishi wa mashirika ya wakimbizi, akina mama wanaokwenda hospitali ya rufaa. Abiria wa kukodi huchungulia ndani kabla hajapatana bei, na kiti ndicho akionacho kwanza. Viti vya jirani yangu vilikuwa vimeanza kukakamaa na kufanya nyufa nyembamba, mfano wa tope lililokauka kando ya kisima. Jioni moja alinijia na chupa tatu, akaziweka mezani.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe mtu wa lugha. Nisomee hizi."

Chupa ya kwanza aliinunua Ariwara, upande wa Kongo, nayo ilikuwa na maandishi ya Kifaransa. Ya pili ilitoka katika duka moja la Koboko, nayo ilikuja kutoka nchi za Ghuba ikiwa na maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Ya tatu ilikuwa chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, ikajazwa kimiminika cheupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Hiyo iliuzwa kando ya barabara kwa nusu ya bei ya zile nyingine, na ndiyo iliyong'arisha kuliko zote. Kijana anayemsaidia kuosha gari alikuwa ameitumia kwa wiki kadhaa bila glavu. Vidole vyake vilikuwa vimepauka na kubabuka, na kwenye viungo vilikuwa vimepasuka. Tuliketi kuzungumzia ngozi ya ng'ombe aliyekufa zamani katika nchi ya mbali, na ngozi ya kijana aliye hai ilikuwa mbele yetu ikidai izungumziwe kwanza. Nilimwomba jirani yangu aisimamishe chupa ile, kisha aniachie zote tatu hadi kesho yake.

Kesho yake nilizipeleka darasani, zikiwa zimefungwa vizuri. Darasa langu ni kama mpaka wenyewe ulivyo. Wamo Waganda waliosoma kwa Kiingereza, Wakongo waliosoma kwa Kifaransa, na wachache kutoka Sudan Kusini wanaosoma Kiarabu. Niliweka sharti moja: kila mmoja asome lebo kwa lugha anayoijua, lakini atueleze kwa Kiswahili. Yale yasiyoweza kuelezwa kwa Kiswahili tungeyatafutia neno pamoja.

Lebo ya Kifaransa ilitushangaza. Chupa ile haikuwa ya viti kamwe. Ilikuwa dawa ya viatu, yenye nta iliyoyeyushwa kwa kiyeyushi kitokanacho na petroli. Pembeni palikuwa na alama ya mwali wa moto ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Nilisimamisha somo ili tujifunze alama hizo, kwa kuwa hazihitaji lugha lakini zinahitaji mwalimu. Mwali wa moto humaanisha kitu kinachowaka kwa urahisi. Kimiminika kinachodondokea mkono na kipande cha chuma humaanisha kitu kinachounguza. Alama ya mshangao yaonya kwamba kitu chaweza kuwasha ngozi au macho. Fuvu na mifupa ni sumu kali. Alama hizi zimekubaliwa kimataifa, na anayezijua anaweza kujikinga hata mbele ya chupa ya lugha ngeni.

Lebo ya Kiarabu na Kiingereza ilikuwa bora zaidi. Ilisema ni dawa ya kusafishia viti vya ngozi, msingi wake ni maji, haina klorini, isitumiwe kwenye ngozi yenye manyoya laini, na ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Iliagiza pia kwamba baada ya kusafisha, kiti kipakwe dawa nyingine ya kukilinda. Hapo tulikwama kwa neno. Msichana mmoja akasema ni ile ile ya saluni inayopakwa nywele baada ya kuoshwa. Alikuwa amelishika wazo, ingawa dawa ya nywele si dawa ya kiti. Tukarudi kwenye sarufi: kutokana na kusafisha tunapata kisafishi, kutokana na kulainisha kilainishi, kutokana na kung'arisha king'arishi. Ngeli ya ki-vi ilitupa majina matatu kwa kazi tatu, na utata uliokuwa kwenye meza ya mwuzaji ukapungua.

Chupa ya tatu haikuwa na la kusomwa. Kijana mmoja akataka kuifungua ainuse ili atwambie ni nini, nami nikamzuia. Pua si maabara, na mvuke wa baadhi ya viyeyushi hudhuru kabla harufu haijatambulika. Tukaiandikia kwa kalamu neno moja, HAIJULIKANI, tukaiweka juu ya kabati.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Wahenga walisema, "Ngozi ivute i maji." Methali hii hufundishwa kama wosia wa kumlea mtoto angali mdogo, lakini maana yake ya kwanza ni ya fundi: ngozi mbichi hutii mkono ikiwa na unyevu, na ikikauka haitii tena. Viwanda vilitafuta njia ya kuifanya ngozi isioze wala isikakamae. Nyingi leo hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, kisha hutiwa mafuta katikati ya nyuzi zake. Ngozi iliyotengenezwa hivyo ina tindikali kidogo. Kwa kipimo cha pH, ambacho maji safi huwa na 7, ngozi huwa chini ya hapo. Sabuni ya mche tunayofulia huwa 9 au 10. Ukiisugua ngozi kwa sabuni hiyo wiki baada ya wiki, unaivuruga hali yake na kudhoofisha kilichoifunika.

Nasema kilichoifunika kwa sababu ngozi ya viti vingi vya magari ya leo haiguswi moja kwa moja. Juu yake kiwanda hupaka rangi na utando mwembamba wa plastiki ulio wazi. Unapofuta kiti unafuta utando. Ziko pia ngozi zisizo na utando, ambazo hunywa maji mara moja, na ziko zenye manyoya mafupi mithili ya mahameli. Tena kuna ngozi bandia, ambayo ni plastiki iliyotiwa mikunjo ya ngozi. Mara nyingi gari moja huchanganya: mahali pa kukalia ni ngozi halisi, na ubavu na mgongo wa kiti ni bandia. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa ipi bora. Swali la kwanza ni hiki ni kiti gani.

Jaribio ni rahisi. Dondosha tone la maji safi mahali palipofichika, kama chini ya ukingo wa kiti. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la muhogo, kiti kina utando au ni bandia. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi ni tupu, nayo yataka dawa iliyotajwa kwa ajili yake na mkono mwepesi. Kisha ijaribu dawa yenyewe hapo hapo kwa kitambaa cheupe. Rangi ya kiti ikihamia kwenye kitambaa, acha. Isipohamia, ngoja hadi kesho uone kama pamekakamaa au pamebadilika.

Kwa kiti chenye utando, chagua kisafishi chenye msingi wa maji, ambacho pH yake iko karibu na 7 au chini yake kidogo, kisicho na klorini, amonia wala petroli. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini au mashine ya kufyonza, maana vumbi letu ni mchanga, na mchanga ukisuguliwa hukwaruza. Tia dawa kwenye kitambaa au sponji, usiimwage kitini. Viti vingine vina matundu madogo, na chini yake mna sponji na nyaya za umeme zisizopenda maji. Futa kipande kwa kipande, pitisha kitambaa chenye unyevu, kausha.

Kilainishi nacho kiwe krimu nyepesi yenye msingi wa maji, ipakwe kidogo, na inayobaki ifutwe. Mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne yatosha kwa magari mengi. Juu ya utando, kilainishi hakizami sana. Hupunguza msuguano, na kikiwa na kinga ya jua husaidia kuchelewesha kufifia kwa rangi. Hakiponyi ufa. Ufa ni kazi ya fundi wa kujaza na kupaka rangi upya, na mwuzaji anayeahidi kuufuta kwa chupa anauza maneno.

Mwanafunzi mmoja kutoka Yumbe aliuliza kuhusu mafuta ya shea, ambayo mama yake huyakamua nyumbani. Swali lake lilistahili heshima. Mafuta hayo ni ya kwetu, na ngozi tupu, kama ya ngoma au ya viatu vya kienyeji, huyanywa na kulainika. Lakini juu ya utando wa kiti hayana pa kuingia. Hubaki juu, hunata, hukusanya vumbi jekundu na kuchafua nguo za abiria. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi kwa kuwa huchacha na kunuka. Mafuta ya mgando nayo huacha utelezi. Kitu kuwa salama kwa ngozi ya mtu hakukifanyi kifae kwa kiti, kama vile kitu kufaa kwa kiti hakukifanyi kiwe salama kwa mtu.

Kuhusu mtu, kuna mambo ambayo namsihi kila msomaji ayashike. Fanya kazi hii kivulini, milango yote ikiwa wazi, kiti kikiwa kimepoa. Vaa glavu. Usitumie petroli wala mafuta ya taa ndani ya gari: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, na cheche moja yatosha. Usichanganye dawa yenye klorini na dawa nyingine yoyote, kwa sababu baadhi ya michanganyiko hutoa gesi ya sumu. Dawa ya kuondoa madoa isiguse mkanda wa usalama, maana hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika huonekana mzima hadi siku ya ajali. Vilainishi na ving'arishi visipakwe kwenye usukani wala kanyagio la breki, kwa kuwa huteleza. Wala dawa isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto aliyefundishwa kwamba chupa ile ni ya maji hana kosa akiinywa.

Maji machafu nayo yana njia yake. Arua hupata sehemu ya maji yake kutoka mto Enyau. Anayeoshea gari kando ya mto anamwaga dawa yake katika ndoo ya jirani. Chagua pa kuoshea mbali na mto na bwawa, na tumia dawa kidogo.

Baada ya hayo tuliingia katika uraia. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Kwa lugha nyepesi, bidhaa inayouzwa kwa maelezo fulani inapaswa kulingana na maelezo hayo. Mwuzaji akisema ni kisafishi cha ngozi, kiwe kisafishi cha ngozi. Lipo pia Shirika la Viwango la Uganda, yaani UNBS, ambalo bidhaa zilizothibitishwa nalo hubeba alama yenye herufi Q. Lakini sheria humsaidia zaidi mwenye risiti, na alama humsaidia anayejua kuitafuta. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji inamnyima mnunuzi mtu wa kumwuliza. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake kuwa ndogo, na gharama iliyobaki alikuwa akiilipa kijana kwa vidole vyake.

Ipo pia haki ya lugha. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Najua kwamba wazee wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kwa askari, wakakihesabu kuwa lugha ya amri na ya vizuizi vya barabarani. Sibishani na kumbukumbu zao. Lakini kitenzi cha amri ndicho hicho hicho kinachobeba tahadhari: vaa, fungua, usichanganye, weka mbali na watoto. Sokoni Koboko Mkakwa, Mlugbara, Mkongo na mtu wa Sudan Kusini hupatana bei kwa Kiswahili. Ikiwa lugha hiyo inatosha kumwuzia mtu dawa, inatosha pia kumwonya kuhusu dawa hiyo.

Kwa hiyo darasa liliandika lebo yake kwa chupa ile ya pili:

KISAFISHI CHA VITI VYA NGOZI VYENYE UTANDO. Msingi wake ni maji. Usitumie kwenye ngozi yenye manyoya. Jaribu kwanza mahali palipofichika. Tia kwenye kitambaa, si kwenye kiti. Fungua milango, vaa glavu. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi, uende kituo cha afya na chupa hii. Weka mbali na watoto. Usihamishie katika chupa nyingine.

Tuliandika pia maswali manne ya kumwuliza mwuzaji wa kilainishi: Ni cha kiti cha aina gani? Msingi wake ni maji au petroli? Nani amekitengeneza, na lini? Kikinidhuru, nifanye nini? Jirani yangu aliyachukua maswali hayo hadi Koboko. Aliniambia kwamba mwenye duka alijibu mawili, akasita, kisha akaenda nyuma kulitafuta kasha ili ayasome mawili yaliyobaki. Hakukasirika. Huenda hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nyufa za viti vile zingalipo, ila viti havinati tena, na abiria hawalalamiki. Chupa ya Kifaransa inatumika kwa viatu, nje ya nyumba, kama ilivyokusudiwa. Vidole vya kijana vilichukua muda kupona, naye sasa huvaa glavu na ndiye anayewasomea wenzake lebo yetu. Ile chupa isiyojulikana ingali juu ya kabati la darasa, na nyingine kama hiyo zingali zinauzwa kando ya barabara kwa nusu ya bei.

Kazi yako, mwanafunzi, ni hii. Tafuta chupa moja ya dawa nyumbani kwenu, iwe ya kiti, ya sakafu au ya wadudu. Isome katika lugha iliyoandikwa. Kisha iandikie lebo ya Kiswahili kwa sentensi zisizozidi kumi, kila moja ikianza na kitenzi, na uibandike. Ukikuta haina maandishi yoyote, mwulize aliyeinunua maswali yale manne, na uiweke mbali na watoto hadi majibu yapatikane.